Kufunga Kulikoninenepesha

Mukicheka, mucheke polepole, maana aibu hii bado iko mbichi, kila nikiikumbuka masikio yangu yanapata moto sawa sufuria ya bugali, lakini nimeona heri niiseme mwenyewe kuliko kuisikia sokoni katika midomo ya bantu benye hata habakuwa pale (iko mumoja anasema nilikamatwa na mbuzi muzima begani, huo ni uongo, mbuzi alikuwa amekwisha kupikwa).

Ila mbele ya kufika huko, acheni niseme kwanza juu ya kinga, ile yenye bengine banaita baiskeli. Nilikuwa kijana, sijaoa, nikanunua kinga kwa bwana mumoja wa Fizi mwenye alikuwa anahama, kinga nzuri nyekundu, kengele inalia, taa iko, kiti cha nyuma iko, kitu kimoja tu kilikosekana, ni breki. Yule bwana aliniambia, "Breki si kitu, kijana, uko na miguu." Nikakubali, nikafunga gunia la maharagwe nyuma, nikaanza kushuka Baraka. Ninyi benye munaijua ile barabara munajua inavyotoka milimani na kuanguka upande wa ziwa, na benye hamuijui mufikiri tu jiwe lenye limetupwa kutoka juu ya paa. Kwanza nilifurahi. Kisha nikaacha kufurahi. Ile miguu nilisugua nayo udongo mpaka kandambili zikakatika, bantu kandokando ya njia bananisalimia, "Asende, salamu!" na mimi napiga kelele "Yesu! Yesu weee!" na bao banapunga mikono, banacheka, bananijibu "Amina!" maana tangu utoto bantu bananijua kwa kuimba, balidhani naimba. Niliishia ndani ya meza ya mama muuza mawese. Nililala pale chini, mwekundu kutoka nywele mpaka kisigino, kuku zinakuja kuniangalia, na yule mama, mbele hata ya kulilia mafuta yake, aliinama akaniuliza, "Mwanangu, juu ya nini hukulia tukusaidie?" Nikamwambia, "Mama, nililia. Mulisema naimba."

Hadithi hiyo nimeisema miaka mingi ya kuchekesha tu, kwenye ndoa, kwenye matanga, popote. Sikujua kama ilikuwa inaningojea mbele.

Basi, kuimba. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa primeri, vita vilinikuta hapo tukakimbia na sikurudi tena kwenye benchi, lakini kalamu ilikataa kuniacha. Naandika nyimbo. Naandikia kwaya ya bamama ya kanisa letu, naandikia kwaya ya bavijana, naandika maigizo ya Krismasi na ya Pasaka, maneno ya kuaga bafu, nyimbo za ndoa, na bale ba mashirika bakitaka wimbo wa kunawa mikono ama wa kulala ndani ya chandarua banauliza tu sokoni, banaletwa kwangu. Muntu anaingia na jogoo mukononi anasema, "Papa Asende, tunaomba kawimbo kadogo tu." Kadogo! Sawa vile wimbo ni kitunguu, kama unataka kadogo unachagua kadogo. Na mimi sina mudomo wa kukataa, nasema "mutapata, mutapata," jogoo anafungwa kwenye mguu wa kitanda, na mimi nakaa na kalamu.

Mwaka huu kichwa kikakauka. Sikujua kama kichwa kinaweza kukauka. Nilikuwa nakaa asubuhi na mapema, maneno yanakuja yale yale ya siku zote, "njooni tumusifu," "tumeshinda, tumeshinda," nayaangalia na yenyewe yananiangalia, na bote tunaona haya. Kisha ikafika ndoa ya binti ya jirani yetu. Kwaya iliimba vizuri, bibi arusi amesimama na nguo yake nyeupe, bakafika ubeti wa pili, shangazi yake akaanza kulia, mama yake akalia, na mimi nyuma pale najipongeza, nasema moyoni, Asende, bado uko nayo, wimbo umebagusa. Kumbe ule ubeti nilikuwa nimeuandika kwa mazishi ya babu ya huyo huyo bibi arusi, neno kwa neno, "umetuacha njiani, nani atatufungia mulango," na mimi sikukumbuka kabisa! Mukono uliandika peke yake, mwenye mukono hakuwapo.

Mama Wilondja (njo muke wangu, Wilondja ni kifungua mimba wetu) alinishika mukono mpaka dispanseri. Muuguzi, musichana mudogo sawa mujukuu wangu, alinipima presha, akaniangalia macho, akanigonga magoti, akasema, "Papa, hauna ugonjwa. Uko muchoka tu. Enda fasi yenye hauandike kitu. Lala, kula, angalia milima." Nikangoja dawa. Hakuna dawa. Nilikasirika njia yote ya kurudi, namuambia muke wangu, muntu anatembea na jua kali mpaka dispanseri, banamuandikia usingizi? Usingizi ni wa batoto na batajiri. Muntu muzima wa kwetu hapumziki, anakufa.

"Basi kabla ya kufa enda kwa Sifa," alinijibu.

Sifa ni mudogo wangu, dada wa tumbo moja, mujane, anakaa Fizi juu kule na mbuzi wake na shamba la maharagwe.

"Na bantu tubaambie nini?"

"Tubaambie umeenda kulala."

"Mama Wilondja! Ni wakati wa kulima, bote bako na jembe, mimi nimeenda kulala?"

"Basi usiseme kitu. Funga mudomo, panda pikipiki, enda."

Angalieni ule ushauri ulivyokuwa muzuri. Funga mudomo. Ningeufuata leo ningekuwa bado nakaa kwenye kiti changu kule kanisani, pembeni ya dirisha.

Musahau kidogo mambo ya usingizi niwaambie ya bati. Kanisa letu lilikuwa limepata bati jipya na mulango mupya wa mbao ngumu, na sikukuu ya kulifungua ilikuwa imetangazwa, kwaya zimealikwa, ya Makobola, ya Mboko, ya Fizi, kila moja ilete wimbo mupya, na siye benye nyumba njo tulipaswa kuimba ule wa kufungua mulango, wimbo wenye haujasikika popote. Na ule wimbo ulikuwa kwangu. Yaani, bantu balijua uko kwangu. Kwangu haukuwako.

Asubuhi ya kuondoka nilifika mapema fasi ya pikipiki, nimebeba kamfuko kangu, na sijapanda bado nikasikia, "Papa Asende!" Ni Mama Riziki. Huyu Mama Riziki ni rais wa kwaya ya bamama, mwili kidogo, sauti kubwa, tumbo lake linamuchoma akichelewa kula, kila muntu analijua hilo tumbo. Alikuwa ametoka shambani tayari, jembe begani, matope mpaka magotini.

"Na kamfuko, Papa? Uko naenda wapi?"

"Fizi."

Aliangalia kamfuko, akaangalia milima, akaniangalia mimi. Sasa mujue kwetu kanisani, muntu akiwa na jambo kubwa linalomushinda anapanda mulima. Anaenda juu kule, anafunga, hali kitu, anaomba, mpaka anapewa alichoomba, na akishuka haingii nyumbani kwake kwanza, anaingia kanisani, anasimama mbele ya bote na kutoa kile alichopewa. Na mule kwenye macho ya Mama Riziki nikaona mulima unapandwa.

"Papa! Unaenda kutufungia! Juu ya wimbo wetu!"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini muntu unamuangalia mama mwenye ametoka kulima, matope yake hayajakauka, unamuambia nini? Mama, naenda kulala? Dereva alikuwa ameshawasha pikipiki, moshi unatuingia machoni, na mimi nikasema:

"Mm."

Muangalie vizuri, sikusema ndiyo. Mm si hata neno, mbuzi anaisema. Lakini Mama Riziki aliweka jembe chini, akashika mikono yangu miwili, machozi yanamutoka, na mimi nikapanda pikipiki nikaondoka na ile Mm, na mimi sikujua kama nimepanda tena kinga nyekundu.

Fizi ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Asubuhi ukungu unalala juu ya vilima, baridi inakushika puani, Sifa anakuletea chai ya tangawizi na haulizi kitu. Aliponiona nimekonda alipiga kelele, "Kaka, banakulisha nini kule Baraka, karatasi?" akachinja mbuzi. Nililala. Nililala usiku, nililala asubuhi kisha chai, nililala na mudomo wazi kwenye kiti cha kamba mpaka nzi bakanizoea. Nikaamka nakula sombe, yale majani ya muhogo, na mbuzi, nikalala tena. Kalamu niliiacha ndani ya kamfuko na sikuitafuta. Na kisha, mukisikia mutasema natunga, siku moja tulikuwa tunapukuchua maharagwe na Sifa, hatuongei, yanaanguka kwenye ungo, taka, taka-taka, na mimi sifikiri kitu chochote, hata jina langu sifikiri, na chini ya ule mulio nikasikia kasauti kanapanda na maneno yake tayari:

*Mulango huu hauna kufuli.*

Ni hayo tu. Lakini nilisimamisha mikono. Sifa akasema, "Nini, umejichoma?" Nikamuambia hapana. Niliogopa kupumua. Tangu mwaka uanze hakuna neno lililokuwa limekuja kwangu lenyewe, yote nilikuwa nayavuta kwa kamba sawa ng'ombe mugonjwa, na hili limekuja na miguu yake, limekaa karibu nangu kwenye maharagwe. Nilijua mengine yako nyuma yake yanakuja, sikupaswa kufanya kitu, kungoja tu na kupukuchua.

Nikafurahi, na furaha ikaniponza, nikataka kumusalimia muke wangu. Kwa Sifa telefoni haishiki, lazima upande kilima mpaka karibu na ile nguzo ya mtandao. Nikapanda, nikapiga.

"We muzee," sauti ya Mama Wilondja ilikuja chinichini, "ulimuambia nini Mama Riziki?"

"Mimi? Sikumuambia kitu. Nilisema Mm."

"Basi ile Mm Pasta ameitangaza kanisani. Amesema ndugu yetu Asende yuko mulimani anafunga juu ya wimbo wa kufungua mulango, ni nani atamuacha afunge peke yake? Bakainua mikono. Bote. Bamama ba kwaya bote banafunga na wewe."

Nikahamisha telefoni kwenye sikio lingine.

"Bote?"

"Hata bale bamama bakimbizi ba Burundi, benye banalima mashamba ya bantu kutwa nzima, banalima na tumbo wazi. Na Mama Riziki anakunywa maji tu. Tumemuambia Mama, tumbo lako hilo. Anasema hapana, kama muzee anavumilia na mifupa yake, mimi ni nani. Na wewe uko unafanya nini huko?"

"Nalala," nikasema.

"Lala vizuri. Huku hakuna mwenye anakula. Mimi mwenyewe nakula nimejificha, nafunga dirisha, nakaanga ndagala sawa muizi na moshi unatoka kwenye bati unanisema kwa majirani."

Nilishuka kutoka ile nguzo. Nikasema basi, dawa iko moja, nifunge kweli, uongo utakuwa ukweli, hakuna atakayejua ulianza upande gani. Asubuhi nikakataa chai. Sifa akanigusa paji la uso. Nikakataa bugali. Jua lilipofika katikati alitoa sufuria ya mbuzi akaifunika kidogo tu, ile harufu ikanitafuta nyuma ya nyumba fasi nilikuwa nimepiga magoti, na nikafungua. Nilikula na hofu. Musifikiri hofu inaondoa njaa, kwangu iliiongeza, kila nikimufikiria Mama Riziki na maji yake nilichukua kipande kingine, mpaka suruali yangu ikakataa kifungo na Sifa akaichukua aipanue kiunoni, na mimi nikabaki na kitenge chake chenye picha za kuku.

Na wimbo? Nilitoa kalamu. Nikakaa na maharagwe kwa nguvu, nikayapukuchua sawa muntu mwenye analipiza kisasi, nasema njoo, njoo, bantu banakufa na njaa juu yako. Taka-taka, hakuna. *Mulango huu hauna kufuli*, na ulikuwa umefungwa.

Nikarudi kwenye nguzo, nimpigie Mama Riziki mwenyewe, nimuambie. Nilikuwa nimejipanga: Mama, kuleni, mimi nilienda kupumzika tu. Nililisema njiani mpaka nikalijua kwa kichwa. Akapokea, sauti yake ile kubwa imekuwa sawa ya kifaranga.

"Nani?"

"Mama Riziki, ni Asende. Sikia, Mama, mimi niko..."

"Papa!" alinikatiza. "Hapana, hapana, usiongee! Muntu wa mulimani haongeagi na telefoni, utapoteza nguvu! Usituhurumie, tuko tunasimama!" Akakata. Nikapiga tena. Amezima.

Nilitaka kulia nikajikuta nacheka.

Jumamosi, mbele ya sikukuu, Sifa alikuwa shambani na mimi niko uani, nimevaa kuku zangu, nashika mufupa wa paja, nautafuta uboho, mafuta yako kwenye ndevu, na pikipiki mbili zikaingia. Ya kwanza, shemasi Lubunga, mureeefu, musikivu, haongei sana. Ya pili, Mama Riziki. Balikuwa bamekuja kunishusha. Alikuwa amekonda mpaka kitambaa cha kichwa kinamushuka kwenye macho, midomo imepasuka, na alisimama akaangalia mufupa. Akaangalia ndevu. Nilisema moyoni, sasa, Asende, sasa imekwisha, na nawaambia ukweli, karibu nishukuru.

"Shemasi!" akapiga kelele. "Amefungua! Muzee amefungua! Amepewa!"

Maana kwetu muntu wa mulimani hafungui mpaka apewe. Ameona mufupa, amejua wimbo umeshuka. Akaanza kuruka pale uani, na nguvu ile ndogo iliyobaki, akamutuma dereva wake mbio kwenye nguzo apigie Baraka yote, "Kuleni! Bamama kuleni! Amepewa!" kisha akakaa chini kwa nguvu kwenye udongo, akanyosha mukono, na mimi nikamupa nyama iliyokuwa kwenye sufuria. Alikula na macho yamefungwa. Shemasi Lubunga alikuwa anaangalia tumbo langu.

"Muzee," akasema polepole, "mulima umekupenda."

"Mm," nikasema. (Tena! Ile ile!)

Tulilala Fizi, tukashuka asubuhi ya Jumapili. Ile barabara ya kinga, kona kwa kona, mimi nimeshikilia dereva kiunoni naomba tairi litoboke, Mungu wangu, kitobo kidogo tu. Halikutoboka. Nyuma yetu Sifa alikuwa amepanda pikipiki yake na kapu magotini, alisikia kaka yake ataheshimiwa kanisani, atabaki vipi nyumbani?

Kanisa lilijaa mpaka nje. Bati jipya linapiga moto juu ya vichwa, kwaya zote na vitenge vyao, Makobola ya kijani, Mboko ya bluu, na bamama betu mbele kabisa na njano, bamekonda bote, vitenge vimeshonwa mbele ya kufunga sasa vinabacheza mwilini. Bakaninyooshea mikro, ile ya kukuzia sauti. Nilipopita katikati suruali yangu ile iliyopanuliwa kiunoni inanibana bado, mashavu yanang'aa, na nikasikia muntu nyuma anasema, "Ni huyu alifunga?" na mwengine, "Utukufu, ndugu, huo ni utukufu."

Pasta akasema, "Papa Asende, tupe ulichopewa."

Nikasema, *Mulango huu hauna kufuli.*

Bamama bakapiga vigelegele. Bakangoja. Nikasema tena, *Mulango huu hauna kufuli*, sasa na sauti ya kuimba, bakaitika vizuri sana, bakashika hata sauti ya tatu, bakafika mwisho wa hayo maneno na kunyamaza, na bote bananiangalia mudomo. Nikaimba tena yale yale. Bakaitika, kidogo polepole. Jasho linaniingia kwenye jicho. Nikafika mara nyingine tena kwenye kufuli na nyuma yake hakuna kitu, ukuta.

Pasta ni muntu wa huruma, aliona nimekwama. Akasema, "Mwenye ametoka mulimani anakuwa na uzito wa maneno. Tumupe nafasi apumue. Nani alimuchunga huko juu, asimame atushuhudie."

Maana hiyo nayo ni desturi, mwenye alikuwa anamuletea maji muntu wa mulimani anasimama naye. Na Sifa akasimama. Sifa wangu, na kapu lake, anacheka meno yote, hakujua habari ya kufunga wala ya mulima, hakuna aliyemuambia, alidhani banataka salamu.

"Bwana asifiwe! Miye ni Sifa, dada yake. Nashukuru Mungu sana. Kaka alifika kwangu amekonda, mifupa mitupu, muchoka, analala hata mchana, nikasema huyu tutamuzika. Sasa muangalie yale mashavu! Amemaliza mbuzi wangu, amemaliza kuku mbili, sombe kila jioni, suruali nimeipanua kwa mukono wangu huu. Na kapaja kalikobaki nimekaleta hapa, ka njiani." Na akafunua kapu aonyeshe.

Kisha huko upande wa Mboko muntu mumoja akatoa kicheko puani, akakizuia, kikatoroka, kikaingia kwa mwengine, kwaya ya kijani ikafuata, na benye bako nje madirishani banauliza, "Amesema nini? Amesema nini?" na benye bako ndani banabaambia, "Mbuzi! Alikula mbuzi!" na kanisa zima likafunguka, siyo kwa wimbo.

Bamama ba njano peke yao habakucheka. Mama Riziki alikuja mpaka mbele yangu. Nilingoja kofi, nilifunga hata macho. Hakunipiga. Aliongea chinichini, lakini mikro ilikuwa bado mukononi mwangu, kila muntu alisikia.

"Papa. Uliendaga kulala tu?"

"Nilikuwa muchoka, Mama."

"Sasa si ungesema." Akavuta kitambaa kilichokuwa kinamushuka. "Hata miye niko muchoka. Kila siku niko muchoka. Ungeniambia, tungeenda bote."

Hapo kofi lingekuwa afadhali. Nilifikiri yule mama wa mawese. Nilifikiri jembe begani, asubuhi ile, matope. Mimi niliona haya kumuambia nimechoka, mbele ya muntu mwenye angenielewa kuliko muuguzi, kuliko muke wangu, kuliko bote.

Tangu siku hiyo nimeapa, na ninyi mashahidi, muntu akinikuta na kamfuko akaniuliza "Papa, uko naenda wapi?" nitamujibu mbele ya soko zima, naenda kulala, bwana, kichwa kimekauka, na kama wewe pia kimekauka chukua kamfuko kako tuende. Mm sisemi tena. Nikitafuna nyama na muntu akaniuliza kitu, nangoja nimeze kwanza.

Lakini siku ile sikuwa na kiapo, nilikuwa na miguu tu. Niliweka mikro juu ya kiti, nikatoka. Ule mulango mupya ulikuwa wazi, bantu bakanipisha. Nilipita soko, nikapita fasi ya pikipiki, dereva ananiita, "Muzee, tunaenda?" nikashika njia ya Mboko, na nilipofika daraja la Mutambala bado nabasikia nyuma kwa mbali, Mama Riziki ameanzisha wimbo wa zamani, ule wa siku zote, "njooni tumusifu," na sauti yake imeanza kurudi.

Na pale kwenye daraja, sifikiri kitu, nimekwisha kuaibika kabisa, hakuna kilichobaki cha kuficha wala cha kutafuta, yakaja. Yote. Bila kuyaita.

*Mulango huu hauna kufuli,*
*ingia na matope yako,*
*weka jembe chini, mama,*
*hapa hakuna anayekuuliza.*

Na beti nyingine tatu nyuma yake, na kiitikio. Nilisimama, nikaangalia nyuma. Sikukuu ilikuwa bado inaendelea, ningerudi mbio mbio ningewahi. Nilisimama mpaka pikipiki mbili zikanipigia honi niachie njia. Kisha nikafikiria macho ya bamama ba njano, nikaendelea kutembea upande wa Mboko, na Mama Wilondja alinifuata kisha na masufuria, na Baraka sijarudi tena.